Betri na Maji Yake

Jumatatu, 3 Machi

Bure? Nani kakudanganya dada? Jua lenyewe ndo bure, kulishika ndo gharama. Hata mvua ni bure, lakini ndoo unanunua.

Haya, nimeanza kuandika kama tulivyokubaliana. Juzi ulikaa kibandani kwangu saa mbili nzima na utafiti wako, unauliza umeme wa sola unamgharimu nini mtu mfukoni, na ardhi nayo inalipa nini, mpaka wateja wakaanza kupita mbali, wanadhani umetumwa na watu wa kodi. Mwisho ukatoa daftari hili, ukalichora safu tatu kwa rula: KILICHOINGIA, KILICHOHARIBIKA, KIBOVU KIMEENDA WAPI. Ukasema niandike msimu mzima wa mvua, maana kiangazi kila mtu anaisifia sola. Kweli. Hata ndoa inasifiwa siku ya harusi.

Safu zako nimezijaribu, nyembamba mno, maneno yangu hayapiti. Nitaandika kama ninavyoongea. Shule niliishia darasa la tano. Mwalimu wetu alihama, nikaona si adabu kumwacha aondoke peke yake.

Kwa faida ya wakubwa zako watakaosoma: watu wananiita Daktari, maana nafufua betri. Nauza paneli, nafunga taa, nachaji simu, lakini chakula kinatoka kwenye kufufua. Betri ya sola ikifa nafungua vifuniko, namwaga asidi chafu, nasuuza ndani mara tatu, natia asidi mpya, naichaji siku mbili. Inaamka. Haiamki yote, inaamka kama mzee aliyetoka hospitali, anakaa kitandani anaomba uji. Lakini betri mpya bei yake ni kodi ya chumba ya miezi minne, ya kwangu ni mwezi mmoja na nusu. Nani atalalamika?

Kibanda kiko mbele ya nyumba. Barazani mke wangu anasuka watu nywele. Kazi chafu naifanya uani, karibu na mtaro.

Kilichoharibika leo: betri mbili, hazifufuki. Zimeenda wapi: kwa Sumaku, mnunuzi wa vyuma chakavu.

Jumatano, 5 Machi

Mawingu. Simu nane tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe amekuja. Paa lake linavuja. Kaja na sanduku moja na bata sita. Sanduku nikaliona la wiki moja, ila bata nikawaona ni wa msimu.

Akasimama kibandani, akatazama juu, akatazama paneli, akanitazama mimi.

"Baba, hii ndo kazi yenyewe? Kuuza jua?"

"Jua siuzi mama. Nauza kulishika."

"Na leo umeshika nini?"

Mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwambia karibu ndani, chai ipo.

Binti yangu ana miaka minne, tunamwita Meneja kwa sababu anaajiri na kufukuza. Asubuhi alimfukuza kazi mteja wa mama yake kwa kusinzia kwenye kigoda. Bata amewaajiri wote sita.

Jumanne, 11 Machi

Sumaku kapita na mkokoteni wake na ule mzani wa ndoano. Nikamletea betri tatu zilizokufa moja kwa moja. Akainua moja, akaitikisa sikioni kama nazi.

"Hii ina maji."

"Kidogo tu ndugu yangu. Jasho."

"Mwaga mbele yangu. Mimi sinunui maji."

Ndo wimbo wake huo. Bei yake ni ya kilo, na kilo anaitaka kavu. Nikamwaga kwenye beseni, akapima, akalipa. Mzani siku hizi anaushika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelegea kwenye kifundo, unaning'inia kama wa bibi harusi anayesubiri pete. Nikamwambia umezeeka. Akasema ni baridi.

Sasa dada, safu yako ya tatu inanisumbua, hamna aliyewahi kuniuliza. Ukweli ni huu: chuma na plastiki vimeenda kwa Sumaku, maji yamebaki kwangu. Usidhani namwaga hovyo, mimi si mshenzi. Natia jivu kwanza. Asidi inachemka, inatoa povu, inapiga kelele, halafu inanyamaza. Nadondoshea tone kwenye saruji. Ikitoa povu bado ina roho, naongeza jivu. Isipotoa, imekufa, hayo ni maji tu kama ya kuoshea vyombo. Ndo namwaga mtaroni. Ujuzi huu niliachiwa na fundi aliyenifundisha, na yeye aliachiwa na wake.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Simu tano. Mama mkwe kaniuliza leo nimeshika nini.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimeshika kitu mama! Nesi mkuu wa zahanati kaniita. Betri zao zote nane zimekufa, taa za chumba cha kujifungulia zinawaka dakika ishirini halafu zinaaga. Alitaka mpya. Nikamuuliza ana kiasi gani, akanionyesha, nikaona hizo ni mpya tatu na nusu. Nusu betri haiuzwi.

"Nakupa nane zilizofufuliwa," nikamwambia. "Na chenji."

"Zitamaliza mvua?"

"Nesi, mvua itakwisha, zenyewe zitabaki zinauliza imeenda wapi."

Akacheka. Mtu akishacheka, mzigo umeuzwa.

Jumamosi, 22 Machi

Mgongo hauna habari na mimi. Ili nipate nane nzima nimefungua kumi na nne. Nimesuuza toka alfajiri mpaka alasiri, ndoo arobaini, jivu magunia mawili. Tope la kijivu limejaa beseni, nimelimimina lote mtaroni, mvua ikaja kunisaidia kusukuma. Bata walifurahi sana. Bata na tope ni kama mimi na mteja mpya.

Meneja aliwasimamia siku nzima. Ananiambia, "Baba, nimewalipa."

Zile sita zilizokataa kufufuka nimezikausha, ziende kwa Sumaku.

Jumanne, 25 Machi

Nimefunga zahanati. Taa zimewaka mpaka nesi akakuna kichwa. Nimenunua nyama.

Jumatatu, 31 Machi

Bata mmoja kalewa. Anatembea upande, mabawa yameshuka, anajaribu kukaa anaanguka. Nikamwambia mama mkwe amchunguze marafiki zake. Hakucheka. Mama huyu kicheko anakilipia ushuru.

Alhamisi, 3 Aprili

Bata mlevi kafa. Wamebaki watano. Mvua.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Bata wa pili, vilevile: mabawa, miguu, kafa. Jirani kasema ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Mimi nimesema ni uzee. Mama mkwe kachukua kigoda kaenda kukaa uani chini ya mwavuli.

Nikamuuliza mke wangu, "Mama yako anatafuta nini kule?"

"Anawatazama bata."

"Siku nzima?"

"Wewe si unatazama mawingu siku nzima? Na mawingu yako hayatagi."

Nikaona hapa nyumbani nimezidiwa idadi.

Jumatano, 9 Aprili

Bado yuko kwenye kigoda. Simfichi mtu, ananikera. Nikisuuza betri, anatazama. Nikitia jivu, anatazama. Nikidondoshea tone kwenye saruji nikaona limekufa, namwonyesha kidole gumba, na yeye anatazama kidole gumba.

Alhamisi, 10 Aprili

Nesi kaja mwenyewe asubuhi, kwa miguu, na mvua, na viatu mkononi. Nikajua.

"Daktari. Wagonjwa wako wamekufa tena."

Siku nne jua halijatoka. Betri zilizofufuliwa hazina akiba, siku mbili za mawingu zinatosha kuzimaliza, na ukizitumia mpaka tone la mwisho ndo unazizika kabisa. Hilo nalijua. Hata tarehe 17 nililijua. Jana wamezalisha mama mmoja kwa tochi ya simu, na simu yenyewe ilikuwa na asilimia sita. Mtoto mzima, mama mzima. Nikasema ashukuriwe Mungu, na kumbe ile simu nilichaji mimi.

Nesi akanitazama vile mtu anavyotazama sindano iliyodondoka chini. "Njoo uzitoe. Na hela nirudishie."

Nimepiga hesabu, dada, maana ndo uliyoniomba. Betri ya kufufua inaishi miezi mitano, sita ukibahatika. Mpya inaishi miaka mitatu ukiitunza. Kwa miaka mitatu, mtu wangu wa bei rahisi ananunua mara sita au saba. Zidisha mwenyewe, wewe umesoma. Maskini ndo anayelipa bei ya juu, ila analipa kidogokidogo, haumi.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeuza pikipiki nikamrudishia nesi hela yake. Sasa natembea. Nimegundua mji huu una vilima.

Betri zake nane nimezirudisha kwa mkokoteni, ziko kibandani, nzima, na maji yake ndani. Nitazifungua wiki ijayo.

Jumamosi, 12 Aprili

Meneja leo hajamfukuza mtu kazi.

Jumapili, 13 Aprili

Tumbo linamuuma, choo hapati siku ya nne. Mke wangu kampa dawa ya minyoo. Nikamwambia Meneja bata wake wanatoroka kazini, akasema, "Waache." Bata wa tatu kafa.

Jumatatu, 14 Aprili

Hii ya leo ndefu. Kaa chini.

Mama mkwe kaniita uani. Alikuwa na kigoda chake, na kigoda kingine mbele yake, kitupu.

"Baba, kaa."

Mama mkwe akikwambia kaa, unakaa.

"Bata walikuwa sita. Watatu wamekufa. Watatu wazima. Unajua hawa wazima wana nini?"

"Bahati, mama."

"Mmoja anaatamia, hatoki kwenye lile sanduku langu. Wawili nimewafunga kamba upande ule wa juu tangu Jumanne, wanakunywa ndooni. Waliokufa wote ni wa kuchimbua mtaroni, pale unapomwaga."

"Mama, yale maji natia jivu. Asidi inakufa kabisa. Umeniona mwenyewe, tone halitoi povu."

Aliingiza mkono chini ya khanga akatoa kopo la maziwa, lile Meneja analoficha chini ya kitanda. Akalimimina kwenye kigoda. Vipande vya kijivu, kama hamsini hivi, vimekatikakatika, vinang'aa kwa kushikwashikwa.

"Hivi ni nini?"

"Vibati vya ndani ya betri mama. Vinadondoka nikisuuza. Uchafu tu."

"Hivi ni mishahara. Mwanao anaviokota mtaroni anawalipa bata. Anawapanga mstari, anahesabu. Mikono ikijaa anaweka hapa." Akagusa shavu lake kwa kidole. "Nimemwona. Nikadhani ni pipi."

Nikasema tena habari ya asidi. Sijui kwa nini. Ulimi una mazoea.

"Asidi umeiua," akasema. "Nimekubali. Na hiki?"

"Hicho si asidi."

"Najua si asidi. Nakuuliza hiki umekiua na nini."

Dada, mimi nimeongea toka nizaliwe. Nimewauzia paneli watu wasio na paa. Pale kwenye kigoda nikaanza kuhesabu vipande kama Meneja.

Akaanza kukusanya vile vipande kwa karatasi, bila kuvishika. "Mimi sikusoma," akasema. "Lakini bata sikuanza kufuga jana."

Ndo nikakupigia. Ukasema hiyo ni risasi, madini ya sumu, ile ile inayofanya betri iwe nzito, na jivu halijui hata jina lake. Ukasema Meneja asirudi uani, nisifungue betri yoyote, nisichome chochote, unakuja.

Kimeenda wapi: nilikuwa naandika "mtaroni" kama vile mtaro ni mji wa mbali.

Jumatano, 16 Aprili

Ulikuja, kwa hiyo unajua. Naandika tu yale ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa umeinama unachota tope kwenye vichupa.

Nesi alipomtoa Meneja damu alikuwa bado kanikasirikia mimi. Meneja akamuuliza, "Unalipwa?" Akasema ndiyo. "Nani anakulipa?" Akasema serikali. Meneja akafikiri. "Mimi nakuongeza." Akaingiza mkono mfukoni, mfuko mtupu, bibi yake ameshaukung'uta. Akamtazama nesi kwa aibu kabisa, kama tajiri aliyefilisika.

Nesi akageuka kutafuta pamba. Pamba alikuwa ameishika.

Umesema majibu wiki mbili, damu inaenda hospitali kubwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua. Mama mkwe kampa Meneja kazi ya kuhesabu mayai ya bata. Yako saba. Kayahesabu mara kumi, hayajazidi.

Jumanne, 22 Aprili

Sumaku kaja. Nikamwonyesha zile nane za zahanati.

"Nzuri. Zimwage."

"Simwagi tena. Nunua na maji yake."

"Daktari umeugua? Mimi sinunui maji."

"Na unakouza, wananunua?"

"Kule hamna mzani wa maji. Wanavunja kwa shoka, wanayeyusha kwenye sufuria nyuma ya nyumba, wanamimina. Na mimi nasaidia kuchochea, wananipa cha juu." Akajaribu kujikuna pua kwa mkono wa kulia, ukagoma, akatumia wa kushoto. "Wewe mwaga tu, mvua itasafisha."

Nikautazama ule mkono. Mwezi mzima nimeutania. Nikamuuliza tumbo lake vipi. Akasema, "Umejuaje?"

Nimemtuma kwa nesi. Amekwenda kanuna, kwa sababu siku ilikuwa ya mauzo.

Ijumaa, 25 Aprili

Jua limetoka saa tatu nzima. Simu ishirini na moja. Meneja kamwambia kinyozi wa jirani kwamba yuko kwenye majaribio.

Jumanne, 29 Aprili

Majibu. Nesi katusomea ofisini kwake, mimi, mke wangu, mama mkwe mlangoni. Meneja kwenye mapaja yangu.

Thelathini na moja.

Nikauliza risasi kwenye damu inatakiwa ngapi. Nesi akasema haitakiwi hata moja, ila ikifika tano ndo watu wanaanza kuuliza maswali. Ikipita arobaini na tano ndo wanamlaza wampe dawa ya kuitoa. Katikati hapo dawa ni kuondoa chanzo, kumlisha vizuri maharage na maziwa, kumnawisha, na kusubiri. Inashuka polepole. Iliyoshafika kichwani haipimiki, utaijua akienda shule.

Mke wangu akauliza nyumbani chanzo ni nini. Hakukuwa na haja ya jibu, wote walikuwa wananitazama shati.

Ndiyo, hata shati. Jioni nilikuwa namnyanyua nikitoka kazini bila kubadilisha.

Meneja akaniuliza, "Baba, nimepata ngapi?"

"Thelathini na moja."

Akafurahi. Alidhani ni alama za shule.

Jumatatu, 5 Mei

Tumelowesha uani kwanza kama ulivyosema, vumbi lisiruke, halafu tumekwangua. Mimi na mke wangu, vitambaa usoni. Alinisemesha mara moja tu: "Hapo umeruka." Nilikuwa nimeruka kweli.

Kibovu kimeenda wapi: magunia tisa ya udongo, nyuma ya choo, chini ya turubai. Hayajaenda popote. Ndo jibu la kwanza la kweli nililoandika kwenye safu hiyo.

Alhamisi, 8 Mei

Mayai yameanguliwa. Vifaranga sita. Meneja kawapa barua za ajira, yaani majani. Majani nimeyakubali.

Jumanne, 13 Mei

Mama mkwe paa lake limeshatengenezwa. Nikamwambia mama, mvua haijaisha, kaa. Akaniuliza toka lini nampenda. Nikamwambia toka tarehe 14 Aprili, mchana.

Akacheka. Nimeandika hapa kwa sababu hakuna atakayeniamini.

Jumapili, 18 Mei

Nilizunguka na kalamu. Kila nyumba niliyouza betri naikumbuka, mimi wateja nawajua kwa paa. Betri sitini na tatu, ndani ya nyumba thelathini na nane. Ishirini na moja zimeshakufa ziko chini ya vitanda, watu wanasubiri Daktari aje kufufua au Sumaku aje kununua. Mmoja anaitumia kuzuia mlango. Na mtaro wetu ukiufuata kushuka, unapita nyumba sita zenye watoto wadogo. Kumi na moja nimewahesabu.

Nisikilize vizuri lakini. Sola siitukani. Paneli ya kinyozi iko juu ya paa mwaka wa kumi na moja, haijamdai hata kikombe cha maji, inapigwa mvua inanyamaza. Na mafuta ya taa nayo nimekulia ndani ya moshi wake, usiniambie. Gharama haiko juu kwenye paa ambako kila mtu anapiga picha. Iko kwenye boksi la chini, na hasa siku boksi linapokufa. Siku hiyo kila mtu ananunua chuma, maji hayana mwenyewe.

Jumatano, 28 Mei

Mvua imekwisha. Damu ya pili imerudi: ishirini na sita.

Nesi anasema ni vizuri. Mama mkwe kasema ni vizuri ukilinganisha na nini. Meneja kalia, kasema ameshuka. Nikamwambia mwanangu, hii shule ni ya kushindana kurudi nyuma, ukifika wa mwisho nakununulia baiskeli.

Sumaku naye amepimwa. Hataki kuniambia ngapi. Ameuza mkokoteni.

Ijumaa, 30 Mei

Dada, jana umenitumia ujumbe kwamba Jumatatu unakuja kuchukua daftari, na kwamba wakubwa zako wanataka sana hasa hii safu ya tatu, haijawahi kupatikana popote. Basi tufanye biashara.

Wewe uliniambia kuna kiwanda kile cha mbali kinachoyeyusha betri ndani ya mashine iliyofunikwa, na maji yake kinayachukua. Hakiji huku kwa sababu hakijui betri ziko wapi na moja moja hazijazi lori. Mimi najua ziko wapi. Ishirini na moja za chini ya vitanda, nane za zahanati zilizoko kibandani kwangu, na nyingine kila mwezi zitakazokufa, maana nimeziuza mimi na tarehe zao za kufa ninazo kichwani. Nitakukusanyia zote, hazijafunguliwa. Sifufui tena. Nitafunga mpya kwa malipo ya mwezi mwezi, na kila anayenunua mpya ananipa maiti yake.

Bei yangu ni hii. Betri ipimwe na maji yake ndani, ilipwe na maji yake. Kilo kavu hatuongei. Mkinunua kavu, mtu atamwaga tu, hata mkimfundisha vipi, hata akiwa na mtoto. Mimi nilikuwa naye.

Pili, watoto kumi na moja wa mtaroni wapimwe damu, na Meneja kila miezi mitatu mpaka afike chini ya tano, na Sumaku pia, hata akikataa. Akikataa niachie mimi, namdai utani wa mwezi mzima.

Tatu, magunia tisa nyuma ya choo. Hayo nakupa bure. Usiseme sikukupa kitu cha bure.

Faida yangu? Cha juu kwenye kila betri, kama alivyokuwa anapata Sumaku. Usinitazame hivyo, natembea kwa miguu na mji una vilima.

Ukurasa huu wa leo nauchana nakutumia, daftari lenyewe liko kwa mama mkwe, kwenye lile sanduku alilokuja nalo, bata analikalia. Nimemwambia alitoe kwa mtu mmoja tu, atakayekuja na lori na mzani. Jaribu kumbembeleza ukitaka. Mimi ilinichukua msimu mzima.